Kimto cha Nyuma ya Baiskeli

Alhamisi iliyopita, mteja amekaa mbele yangu na nusu ya kichwa bado sijaisuka, Mapendo alinipigia simu kutoka Kanada. Mama yake, ambaye sisi sote wa Durban tulimwita Mama Mapendo, tulikuwa tumemlilia wiki tatu kabla, yeye kule kwenye theluji na mimi huku kwenye joto. Nikadhani ananitafuta ili asikie tu sauti ya mtu aliyekaa na mama yake. Kumbe ana hofu.

"Dada Riziki, tumepata kitu kwa vitu vya Mama. Kimto cha kitenge, kidogo hivi. Mshono ulikuwa umefumuka, nikavuta uzi, nikakuta nywele. Nywele, dada! Nyeusi, nyekundu, za kahawia, zimesokotwa ndani. Na Mama hakuwa anatoka mlangoni bila hicho kimto. Kwenye basi anakikalia, kanisani anakikalia, hata hospitali alikikalia. Wamama wa kanisa wanasema hiyo si kitu ya kawaida. Jumapili wanakuja kuomba na kukichoma. Mimi nikasema, ngojeni kwanza nimuulize Riziki. Mama aliingia mambo gani huko kwenu?"

Nilicheka. Nilicheka mpaka mteja akageuka kuniangalia, kisha kicheko kikanikauka mdomoni. Kile kimto nilikishona mimi, kwa mkono wangu, na nywele zile ni mabaki ya saluni, nywele za kiwandani ambazo hazijawahi kuota kwenye kichwa cha mtu yeyote. Kumweleza Mapendo hilo ni jambo la dakika moja. Lakini angeuliza kimto kilikuwa cha nini, na hapo ningelazimika kufungua siri ambayo mama yake aliniapisha nisiifungue. Tena kulikuwa na jambo la pili, ambalo lilinifanya niketi kwenye kiti cha wateja. Miaka yote hii niliamini kimto kile kiliibwa, na nilikuwa nimemwita mtu mwizi kwa ajili yake, mbele za watu.

"Usichome," nikamwambia. "Nipe mpaka Jumapili." Nikakata simu kabla hajasikia ninalia.

Mwaka wenyewe ulikuwa 2011. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mkono mwepesi wa kusuka na mdomo mwepesi kuliko mkono. Nilikodi kitanda kwa Mama Mapendo, ghorofa ya kumi na moja, South Beach, kwenye jengo ambalo lifti yake ilifanya kazi ikipenda. Nyumba ilikuwa na chumba kimoja cha kulala, na sebule iliyogawanywa kwa mapazia. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la kijani karibu na balkoni, ndugu wawili wa Bukavu waliolinda magari ufukweni walikuwa nyuma ya pazia la maua, na Mama chumbani na sanduku lake. Sahani zilikuwa tatu tu lakini hatukukosa kula pamoja hata siku moja, maana Mama alikuwa hapakui mpaka wote tuwe tumeketi. Sombe yake, yaani kisamvu, iliiva kwa mafuta ya mawese mpaka ikawa nyeusi, na ndakala, dagaa za kwetu, alizikaanga zikalia chini ya meno. Ukisema umeshiba anakuuliza, "Umeshiba kwa nani?" na kukuongeza. Siku hizi nina nyumba yangu, meza ya watu wanane na jokofu la milango miwili, na bado sijala pahali pengine penye utulivu kama pale, goti langu likigusana na goti la jirani na upepo wa bahari ukitikisa mapazia yetu.

Kila Jumamosi nilikwenda soko la Warwick kununua vitu vya wiki. Nikirudi, kabla sijafungua mfuko, Mama ananikalisha. Maswali! Muuza majani ya muhogo amevaa nini leo? Yule mama wa dawa za mizizi bado anakohoa? Mahindi ya kuchemsha yameanza kuuzwa? Mwanzoni niliona ni udaku tu wa mtu mzima, nikawa namjibu kwa mbwembwe, hata kuongeza chumvi. Kisha Jumapili moja jioni, nikiwa nimelala nyuma ya pazia langu, nikamsikia anazungumza na binti yake kwenye simu. "Jana nilikuwa sokoni, mwanangu. Watu, watu, hakuna pa kukanyaga. Yule wa mizizi anakohoa tu, nikamwambia quand même umwone daktari. Mahindi yameanza kutoka." Yalikuwa maneno yangu yote, hata ile chumvi. Nilibaki nimekodoa macho kwenye dari. Mama Mapendo hakuwa amekwenda sokoni. Nikajiuliza ni lini nilimwona mwanamke huyu nje ya mlango wa nyumba yake. Hata mara moja.

Habari yenyewe niliipata vipande vipande, na kimoja nilipewa na wale ndugu wa Bukavu. Mama alikuwa na meza yake ya mitumba kule Warwick. Mwaka 2008, siku watu walipoinuka kuwafukuza wageni, aliacha meza na nguo zake akakimbia kuvuka barabara. Taxi, hizi basi ndogo za abiria za huku, zilikuwa zinapiga honi kutoka kila upande, na moja ikampiga bega kwa kioo cha pembeni. Hakuanguka. Alitembea mpaka kwenye jengo letu, lifti siku hiyo imekufa, akapanda ngazi zote, akafunga mlango. Hakushuka tena. Miaka mitatu! Chini huko honi ikilia, hata ya mtu anayeita rafiki yake, alikuwa anashika meza kwa mikono miwili mpaka ipite. Na mimi niliyekaa naye miezi mingi nilikuwa nikidhani ni mama wa kupenda nyumba yake.

Mwezi wa sita ikaja barua. Mapendo alikuwa amemwombea mama yake amfuate Kanada, na sasa wakubwa wa huko wanamwita kwa mahojiano Pretoria, mwezi wa kumi na moja. Ana kwa ana. Nilimsikia Mama akimwambia binti yake, "Nitaenda, mwanangu, niko sawa kabisa, mimi si natembea kila siku?" Alipoweka simu chini akaanza kulia kwa sauti ndogo ya mtu anayeziba mdomo kwa kanga. Mimi si mtu wa kujifanya sikusikia. Nilifungua pazia.

"Mama, utafika Pretoria namna gani na hujafika hata kwa lifti?"

Alinitazama kama anayetaka kunitimua nyumbani kwake. Kisha akanishika mkono. "Apa kwanza. Mapendo asijue. Akijua kama mama yake aliketi hapa ndani miaka tatu kama kuku kwa tenga, atalia kila siku huko. Apa." Nikaapa. Kesho yake tukajaribu. Nilimvalisha viatu, tukaingia lifti, tukashuka vizuri tu huku akihesabu ghorofa kwa sauti. Mlango ukafunguka chini, na taxi moja barabarani, bila kosa lolote, ikapiga honi. Mama akabonyeza kumi na moja. Akabonyeza tena na tena mpaka mlango ukafungwa, nami nikabaki nimemshika mkono.

Mtu aliyetuona siku ile alikuwa mlinzi wa jengo, Mzee Shomari. Mtu wa Tanga, aliyekuwa baharia na kuiacha meli yake Durban ujanani, akaoa Chatsworth katika wale watu wanaoitwa Wazanzibari, akawa anakuja kazini alfajiri na kurudi kwake jioni. Alikuwa mkavu kama dagaa na hana subira na mtu. Sisi Wakongo tulimwita Papa Shomari kwa heshima, naye kila siku alijibu kwamba kwao papa ni samaki. Alinikuta nimekaa kwenye ngazi.

"Anaogopa watu au anaogopa magari?"

"Honi."

"Basi mpeleke kusikokuwa na honi. Njia yote ile ya ufukweni, wameipanua juzi juzi kwa ajili ya Kombe la Dunia, kutoka huku Point mpaka mdomo wa mto, haina gari hata moja."

"Magoti yake yamelala miaka mitatu, Papa. Hafiki hata kwenye mchanga."

Akanishusha mpaka kwenye maegesho ya chini ya jengo. Nyuma ya mapipa kulikuwa na baiskeli nyeusi, nzito, iliyoachwa na mpangaji aliyehama. Alikuwa ameitia hewa na kuipaka mafuta mnyororo. Tena ilikuwa na keria nyuma, pana, ya chuma. "Panda," akasema. Nikapanda. Nilikaa vizuri, upande mmoja, miguu nimeikutanisha, mikono chini ya tandiko la dereva, nikangoja. Mzee Shomari alinitazama. Mimi nikamtazama.

"Mbona umekaa huko nyuma? Anaendesha nani, malaika?"

Wallahi sikuwa nafanya mzaha. Mimi nimekulia Uvira. Kwetu baiskeli ni teksi: mwanamume anaendesha, wewe unakaa nyuma ubavu, unamwambia unakokwenda. Nimekaa nyuma ya baiskeli tangu nikiwa mgongoni kwa mama, na haikuwahi kunijia akilini kwamba kuna upande mwingine ambao mwanamke anaweza kukaa. Mzee Shomari alicheka mpaka akashika nguzo. "Tanga bibi yangu alikuwa anaendea soko kwa baiskeli, na kapu la samaki! Shuka huko, kaa mbele, mwanamke mzima wewe."

Nilijifunza palepale kati ya nguzo, jioni nikitoka kazini kabla yeye hajaenda kwake. Niligonga nguzo, niligonga mapipa, niligonga gari la mpangaji mmoja na wote wawili tukakana. Wiki ya pili nilizunguka bila kuguswa, na Jumapili iliyofuata alinitoa nje. Sijui niseme nini juu ya asubuhi ile mtu anielewe. Bahari nilikuwa naiona kila siku kutoka balkoni, lakini kutoka juu bahari ni kitu cha kuangalia tu. Sasa ilikuwa ubavuni kwangu, na njia imetandazwa mbele, pana, tambarare, haina kilima wala robot, zile taa za kuongoza magari, haina mtu wa kukusukuma. Vijana wa mawimbi wanapita na mbao zao kwapani, wazee wa Kihindi wanatembea wawili wawili wakibishana, mchonga sanamu za mchanga anamwagia maji simba wake asibomoke, na mimi Riziki, msusi, napita katikati yao nikipiga kengele kama niliyeinunua njia. Nilikwenda mpaka mbele ya uwanja mpya wa mpira, ule wenye tao, na nikacheka peke yangu njia nzima. Furaha nyingine huwa nazichunguza mara mbili kabla ya kuziamini. Ile sikuichunguza.

Lakini kubeba mtu ni kazi nyingine. Mzee Shomari alinianzia na mfuko wa unga, kisha mifuko miwili, kisha yeye mwenyewe akapanda nyuma, kofia kichwani, akitukana kila tukiyumba. Keria ya chuma ingemuumiza Mama, kwa hiyo nikashona kimto. Kitenge nilikuwa nacho, kipande cha rangi ya machungwa chenye ndege wa buluu. Cha kujaza sikuwa nacho, ndipo nikakumbuka mfuko wa mabaki ya nywele saluni. Nilizisokota, nikazishindilia, nikaweka kamba nne za kufungia. Kikawa kigumu kiasi na laini kiasi. Nilipompelekea, Mama alikibonyeza, akaona unywele mwekundu umechomoza kwenye mshono, akakitupa kitandani.

"Unataka nikalie nywele za watu? Riziki, unaniloga?"

"Za kiwanda, Mama! Zinatoka kwenye pakiti. Zikikuloga, utaanza kuongea Kichina."

Alikaa juu yake kwanza pale kitandani, kwa majaribio, akajisogeza huku na huku. "Bon," akasema mwishowe. "Kusen si mbaya. Lakini wewe unajua kuendesha?" Nikamwambia najua. "Mwanamke anaendesha, mwanamke anakaa nyuma. Uvira wakituona!" Na kwa mara ya kwanza tangu barua ile, nikamwona ana hamu ya kitu.

Tulichagua Jumapili ya mwezi wa tisa, alfajiri, kabla taxi hazijaamka. Lifti ilitupeleka moja kwa moja hadi maegesho ya chini, mlango usiofungukia barabarani. Mama alikaa nyuma, akajifunika kanga kichwa kizima, akafumba macho hata huko ndani ya kanga. Kati yetu na ufukwe ilikuwa imebaki barabara moja tu. Mzee Shomari alisimama katikati yake na filimbi mdomoni, mikono ameitanua, akizuia magari ambayo hayakuwepo. Nilivuka nikisali. Tairi zikagusa njia ya ufukweni, zikabadilisha sauti, na nikasikia nyuma yangu, "Tumefika wapi?"

"Bado kidogo, Mama." Nilitaka kwanza twende mbali na barabara. Tulipita gati la kwanza. Tulipita mabwawa ya watoto. Mawimbi yalikuwa yanafunika kila kitu kwa kelele zake. Nikahisi kanga inaondoka.

"Gari ziko wapi?"

"Huku hakuna gari, Mama."

"Hakuna hata moja?"

"Hata moja."

Kisha nikasikia, "Unaendesha kama mtu anapeleka maziwa. Nyoosha mkono, usibane usukani, mimi sitaanguka. Mimi nilikaa nyuma ya kinga, baiskeli za kwetu, kabla ya wewe kuzaliwa." Na ni kweli, Mama alikuwa abiria wa kwelikweli! Nikikata kona haegemei, nikipunguza mwendo anajua kabla yangu, uzito wake hausogei. Mikono alikuwa ameishikiza chini ya tandiko, hakunigusa, maana kwetu abiria mzuri hamshiki dereva. Mpaka mtu wa ulinzi wa ufukweni, kijana mrefu mwenye fulana ya kung'aa, alipotusimamisha. Akasema kwa Kizulu kwamba baiskeli ni ya mtu mmoja. Hapo ndipo mikono ya Mama ilinishika kiuno, na kucha zikaniingia. Nikajua tumekwisha, nikaanza kufikiria jinsi ya kumrudisha. Kumbe anavuta pumzi tu. Akafungua mdomo, na kikatoka Kizulu cha sokoni, kile cha meza ya mitumba, ambacho sikuwahi kumsikia akikitumia. "Sawubona, ndodana yami," akamsalimu kama mwanawe, na kumwambia magoti yake yamekufa, na msichana huyu ndiye magoti yake, je, atayakataza? Kijana aliangalia magoti, akaniangalia mimi niliyetota jasho, akacheka. "Eish. Hamba kahle, gogo." Tukaenda. Hatua mia mbele Mama akasema, "Ameniita bibi, yule. Mimi ni gogo?" Lakini hakutoa mikono yake kiunoni kwangu mpaka tukafika mdomo wa mto, na hata huko sikumwambia aitoe.

Basi Jumapili zikawa zetu. Tulikuwa tunakaa kwenye nyasi za mdomo wa mto, chai ya chupa na mandazi, tukitazama wavuvi wa nyuzi wakibishana kuhusu chambo. Mwezi wa kumi akaanza kushuka tukirudi, anatembea kidogo huku ameshika keria, mwanzo kutoka gati hadi gati, halafu mbali zaidi. Kisha siku moja aliniambia nisimame pale njia ya ufukweni inapokaribia barabara. Taxi zilikuwa zimeshaanza kazi. Honi ikalia, akaushika ule ukingo wa kimto. Ikalia nyingine. "Ngoja," akasema. Tulikaa pale mpaka jua likatuchoma, Mama akisikiliza honi, mimi nikimsikiliza Mama. Jumapili iliyofuata tukasogea karibu. Mwisho wa mwezi tulivuka ile barabara kwa miguu, mchana kweupe, amenishika kwa mkono mmoja na kwa mwingine ameshika baiskeli, na Mzee Shomari kule mlangoni akapiga filimbi yake kwa furaha mpaka watu wakatoka kwenye balkoni.

Siku ya safari tulikwenda kituo cha mabasi wote watatu. Mzee Shomari alifunga sanduku la Mama kwenye keria, kwa hiyo kimto kilitolewa, akawa anasukuma baiskeli mbele. Mama na mimi tulimfuata kwa miguu, barabarani, katikati ya honi za Durban nzima. Alikuwa mweupe midomo lakini alitembea. Njiani aliona mapapai yanauzwa, akasema ni madogo. Huko Pretoria angekaa kwa watu wa kanisa mpaka mambo yaishe, na ikiwa yataisha vizuri atapandia ndege hukohuko, kwa hiyo wote tulijua ni kuagana. Aliniachia nyumba, masufuria na mapazia. Alipopanda basi hakugeuka kuniangalia hata mara moja, na hilo liliniuma. Nikasema moyoni, bon, si kitu, nina kile kimto. Nitakifunga kwenye keria, nitakwenda nacho mdomo wa mto.

Kimto hakikuwepo. Nilitafuta kwenye sanduku la vifaa, kwenye maegesho, nyuma ya mapipa. Mtu aliyekifungua kwenye keria alikuwa mmoja tu. Nikamkuta mlangoni na wapangaji kadhaa, nikamwuliza, akajikuna kidevu, akasema hajui. "Hujui vipi na wewe ndiye uliyekifungua? Umekitupa? Umempelekea mkeo Chatsworth?" Nilikuwa na huzuni nyingi na hasira ndiyo ilikuwa karibu. Nilimwita mwizi, mara mbili, mbele ya wale watu. Mzee Shomari, mtu ambaye hakuwahi kuniacha niseme neno la mwisho, alitazama viatu vyake. "Basi, mwanangu," akasema. "Ikiwa nimechukua, nimechukua." Mwezi mzima sikumsalimia. Baadaye tukaanza tena kusalimiana, lakini kimto hatukukitaja kamwe, na mwaka uliofuata akaacha kazi.

Jumamosi, siku mbili baada ya ile simu ya Mapendo, nilipanda taxi kwenda Chatsworth kwa Mzee Shomari. Amezeeka, macho yana ukungu, anakaa kibarazani na redio, lakini sauti yangu aliijua kabla sijafungua geti. Nikapiga magoti pale sakafuni mbele ya mkewe na wajukuu, nikamwambia kimto kimeonekana Kanada, na kwamba nimekuja kuomba radhi. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka kile kicheko chake cha kushika nguzo.

"Kwa hiyo alikitunza! Mimi nilidhani kitaishia Pretoria."

"Ulijua?"

"Si alikitia kwenye mkoba wake mbele ya macho yangu! Wewe ulikuwa juu unafunga mlango. Nikamwambia, muombe, atakupa. Akasema, nikimuomba atalia, na nikimwona analia mimi sipandi basi. Akaniapisha."

"Ukakubali kuitwa mwizi miaka yote hii?"

"Ulitaka nifanyeje? Kiapo ni kiapo." Akapapasa kutafuta kikombe chake cha chai, mkewe akamsogezea. "Alisema kitu kingine. Alisema, huko ninakokwenda, Shomari, hakuna wa kunibeba. Lakini nikikaa juu ya hiki, hata ndani ya basi, nitakuwa naona mgongo wa Riziki mbele yangu. Nitatoka nyumba."

Nilimwambia kuhusu Mapendo, kuhusu kiapo changu mimi, na kwamba kesho wanakichoma. Nikamwuliza nifanye nini. Alikasirika, hasira yake ileile ya zamani. "Wewe umeapa asijue mama yake alijifungia. Hukuapa asijue mama yake alitoka! Mpigie."

Nilimpigia palepale kibarazani, simu nimeiweka katikati yetu ili Mzee Shomari asikie. Kanada kulikuwa bado ni asubuhi. Mapendo alipokea haraka, kama mtu aliyekuwa ameishika simu mkononi, akauliza bila salamu, "Dada, niwaambie waje, au?"

"Wasije," nikasema. "Kiko wapi?"

"Kiko hapa, juu ya meza. Naogopa hata kukigusa."

"Kiweke kwenye kiti. Ukikalie, Mapendo. Nataka nikutembeze na mama yako mpaka mdomo wa mto."